Subira ya Askari si Uzembe

Liko jambo moja ambalo watu wengi, hata wenye elimu, hulitazama kwa macho ya hasira badala ya macho ya hekima. Mtu amejifungia ndani ya nyumba akiwa na bunduki au panga, na humo ndani yumo mkewe aliyeamua kumwacha, au wamo watoto wake mwenyewe. Polisi wameitwa, wamefika, wameizunguka nyumba. Saa moja inapita, saa tatu zinapita, na mlango haujavunjwa. Nje kundi la watu linazidi kuwa kubwa. Wapo wanaopiga kelele kwamba askari ni waoga. Wapo wanaomwita mtu yule atoke kama ni mwanamume kweli. Na siku hizi wapo walioinua simu zao za mkononi, tayari kuipiga picha damu ambayo bado haijamwagika.

Sisi tunasema kwamba askari anayesimama nje ya mlango huo na kuzungumza, saa baada ya saa, yumo kazini. Na yamkini hiyo ndiyo kazi iliyo ngumu kuliko zote katika utumishi wa polisi. Tunasema pia kwamba subira yake ina masharti, na kwamba subira isiyotimiza masharti hayo ni uzembe uliovaa nguo ya hekima. Watu wamepoteza maisha kwa sababu wakubwa walishindwa kuyatofautisha mambo haya mawili. Ni haki basi mtumishi wa umma na mwalimu, ambao aghalabu ndio wanaoulizwa na wananchi wenzao "tufanye nini?", wayaelewe barabara.

Tuanze na kosa la haraka. Tarehe 4 Oktoba 1971, nchini Marekani, mwanamume mmoja aliiteka ndege ndogo ya kukodi mjini Nashville. Hakuwa na madai ya kisiasa, wala hakutaka mtu yeyote afunguliwe gerezani. Alichokitaka ni mkewe, ambaye walikwisha kutengana, na ambaye alimpandisha ndegeni kwa nguvu. Ndege ilitua Jacksonville, Florida, ili ipate mafuta. Rubani alisema kwa redio kwamba mtu yule alidai kuwa na baruti, akawaomba maofisa wa FBI waliokuwa uwanjani wasiikaribie ndege. Ofisa aliyesimamia alikataa kutoa mafuta. Msaidizi wa rubani aliteremka, na baada yake akateremka mshirika wa mtekaji. Maofisa wakawa sasa wana watu wawili waliotoka ndani, wawezao kueleza hali ya humo na kutafutiwa njia ya mazungumzo. Njia hiyo haikufuatwa. Amri ilitolewa matairi na injini ya ndege zipigwe risasi. Mara milio ikasikika kutoka ndani. Walipoingia walimkuta rubani na yule mwanamke wameuawa, na mtekaji amejiua.

Kesi ilifunguliwa, na mwaka 1975 mahakama ya rufani ya shirikisho iliamua kwamba serikali ilistahili kubeba lawama ya uzembe, kwa sababu palikuwapo njia iliyofaa zaidi ya kuwalinda mateka kuliko kutumia nguvu. Msomaji na auzingatie uamuzi huo. Mahakama haikusema kwamba maofisa walikuwa watu wabaya, wala haikumwondolea mtekaji dhambi yake. Ilisema kwamba mwenye dhamana ya maisha ya watu hawezi kujitetea kwa ushujaa wake ikiwa njia ya usalama ilikuwa wazi naye akaipita.

Wakati kesi hiyo ikiendelea, mambo yalikuwa yamekwisha kuanza kubadilika. Msiba wa Michezo ya Olimpiki ya Munich wa Septemba 1972, ambapo Waisraeli 11 walipoteza maisha, tisa kati yao katika jaribio la uokoaji lililoshindikana, uliwafanya wakuu wa polisi katika nchi nyingi wajiulize kama walikuwa na mpango wowote zaidi ya risasi. Polisi wa New York walikuwa miongoni mwa wa kwanza kujibu. Januari 1973, huko Brooklyn, watu wenye silaha waliingia katika duka la vifaa vya michezo wakawashika waliokuwamo. Askari mmoja aliuawa mwanzoni kabisa, na kila mtu anaweza kudhani hasira waliyokuwa nayo wenzake. Hata hivyo wakubwa waliizuia mikono ya askari wao. Baada ya takribani siku mbili mateka wote walikuwa wametoka hai, na wavamizi wakajisalimisha. Mwaka huo huo kikaundwa kikosi cha kudumu cha askari wazungumzaji, kazi iliyosimamiwa na Frank Bolz, aliyekuwa ofisa wa upelelezi, na Harvey Schlossberg, mpelelezi mwenye shahada ya udaktari katika elimu ya nafsi. London nayo ilijaribiwa Desemba 1975, mume na mke waliposhikwa chumbani mwao na watu wanne wenye silaha waliokuwa wakiwakimbia polisi. Siku sita zilipita. Mume na mke walitoka hai, na wale wanne wakatiwa mbaroni.

Je, siri ya njia hii ni nini? Siri yake kubwa ni wakati. Mtu aliyepandwa na ghadhabu huwa kama chungu kilichofurika. Moyo humwenda mbio, maneno ya akili hayamwingii. Lakini mwili wa binadamu hauwezi kubaki katika hali hiyo siku nzima. Atachoka, ataona njaa na kiu, atataka kulala. Kila saa inayopita bila mtu kudhurika huipa akili nafasi ya kurudi mahali pake. Askari anayeuvunja mlango katika dakika ya kumi anamkuta mtu katika dakika yake mbaya kuliko zote.

Lakini wakati peke yake hauponyi. Lazima utiwe maneno. Askari mzungumzaji hufundishwa kwanza kusikiliza. Huuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana. Huyarudia maneno ya yule mtu ili ajue kwamba amesikika, na huutaja uchungu anaousikia katika sauti yake: "Naona jambo hili limekuumiza sana." Hakubaliani na kosa, wala halikaripii. Hamwambii "Tulia," kwani hakuna mtu aliyewahi kutulia kwa kuamriwa. Hatoi ahadi asiyoweza kuitimiza, kwa kuwa uongo mmoja ukigunduliwa huzima mazungumzo yote. FBI, katika mafundisho yake, huifananisha kazi hii na ngazi ya vidato vitano: kusikiliza, kuonyesha kwamba unaelewa, kujenga maelewano, kumshawishi, na mwisho mtu kubadili mwenendo wake. Anayeruka kidato huanguka, na aghalabu haanguki peke yake.

Iko kanuni nyingine ambayo wakubwa wa kazi huiona ngumu kuimeza. Mzungumzaji hatoi amri, na mtoa amri hazungumzi. Mtu aliye ndani akitaka jambo, mzungumzaji aweze kusema kwa kweli kwamba hana budi kumwuliza mkubwa wake. Hapo anapata muda, na hawi yeye adui anayekataa. Kamanda naye, kwa kuwa hajazama katika maneno ya yule mtu, hubaki na kichwa cha kupima lini mazungumzo yanafaa na lini hayafai tena. Mkubwa anayenyakua kipaza sauti ili aonekane yeye ndiye aliyemtoa mtu ndani anaweza kuiharibu kazi ya usiku mzima kwa sentensi moja.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo watu husahau. Mateka wa nyumbani si sawa na mateka wa benki. Mwizi wa benki anawashika watu ili apate kitu kutoka kwa polisi: gari, fedha, njia ya kutorokea. Kwake mateka ni kama rehani, na ana sababu ya kuilinda rehani yake. Mume aliyejifungia na mke aliyemwacha aghalabu hataki chochote kutoka kwa polisi. Anachokitaka kimo humo humo chumbani. Mke kwake si rehani. Ndiye shabaha ya hasira yake. Utafiti ulioongozwa na Jacquelyn Campbell katika miji 11 ya Marekani na kutangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mwanamume mwenye mabavu akiwa na bunduki, hatari ya mwanamke wake kuuawa huzidi mara tano. Na kwamba hatari hupanda pia pale mwanamke anapotengana na mwanamume aliyezoea kumtawala kwa kila jambo. Kwa hiyo saa ambayo majirani husema, "Afadhali sasa ameondoka," huenda ndiyo saa ya kukaa macho zaidi.

Kutokana na hayo, subira ya askari haiwezi kuwa subira ya mikono mitupu. Mwaka 1988, katika mji mdogo wa Sperryville, jimbo la Virginia, mwanamume alimshika mwanamke aliyekuwa amemwacha pamoja na mtoto wao mdogo. FBI walizungumza naye kwa muda mrefu. Mwisho wake alipigwa risasi na mlenga shabaha alipotoka kuiendea helikopta aliyokuwa ameidai, na mama na mtoto wakaokoka. Huo si mwisho wa kushangilia, na hata mazungumzo yaliyoendeshwa vizuri si kila mara huzaa amani. Lakini mazungumzo ndiyo yaliyomtoa nje ya kuta, na ndiyo yaliyowapa askari muda wa kujipanga. Maneno na nguvu hufanya kazi bega kwa bega, ila maneno hutangulia.

Sasa tugeukie desturi yetu, maana hapa ndipo wengi wetu tutakapobishana. Katika jamii zetu, ndoa inapotikisika huitwa wazee. Huitwa mshenga aliyepeleka posa, huitwa wajomba na mashangazi, huitwa shehe au mchungaji. Desturi hiyo ni nzuri, nasi hatuna nia ya kuibeza. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliipa nafasi kwa kuweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa. Basi mtu akijifungia na mkewe, wazo la kwanza la watu walio nje ni kwamba aitwe baba yake azungumze naye, au mama mkwe amwangukie.

Waliobobea katika kazi hii wanaonya dhidi ya jambo hilo, na sababu zao ni nzito. Kwanza, hatujui ugomvi ulianzia wapi. Huenda baba anayeletwa mlangoni ndiye aliyemwambia mwanawe jana kwamba mwanamume anayeachwa na mke si mwanamume. Huenda mama mkwe ndiye yule yule anayelaumiwa kwa kumpokea binti yake alipokimbia. Pili, wapo watu walioazimia kufa, ambao hawangoji kingine ila yule mtu waliyemkusudia afike ili ashuhudie. Kumleta ndugu mbele ya mlango huo, kwa nia njema kabisa, kunaweza kuwa ndiyo ishara iliyokuwa ikingojwa. Tatu, mzee aliyezoea kutii­wa ataamuru, atakaripia, atataja aibu ya ukoo. Na aibu ndiyo kuni iliyouwasha moto huo.

Je, wazee hawana kazi basi? Wanayo, tena kubwa. Wamweleze askari mzungumzaji wanayoyajua: nini kilitokea wiki hii, mtu huyu anampenda nani, anamwogopa nani, amewahi kusema kwamba atajiua, ana silaha gani. Habari hizo zina thamani kuliko hotuba yoyote mlangoni. Na kazi yao ya kwanza ilikuwa ni kabla ya mlango kufungwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika mambo haya ufa usipozibwa, ukuta utakaojengwa ni wa kaburi.

Hilo linatuleta kwenye kosa la pili, yaani kosa la kutojali. Juni 1983, mjini Torrington, jimbo la Connecticut, mwanamke mmoja alishambuliwa kwa kisu na mume waliyekuwa wametengana. Alikuwa amewaarifu polisi mara nyingi juu ya vitisho vyake, na siku hiyo pia aliwaita. Askari alifika akiwa amechelewa, na mume aliendelea kumpiga mateke kichwani askari huyo akiwapo. Mwanamke alinusurika na ulemavu. Mwaka 1984 mahakama ya shirikisho ilikubali kwamba mji unaweza kushitakiwa ikiwa polisi wake humpa mke anayeshambuliwa na mumewe ulinzi ulio pungufu kuliko ule anaopewa mtu aliyeshambuliwa na mgeni. Na mwaka uliofuata baraza la raia lililosikiliza kesi likaamua apewe fidia ya dola milioni 2.3.

Tuziweke hukumu hizi mbili, ya 1975 na ya 1984, upande kwa upande. Ya kwanza inawalaumu maofisa kwa sababu walitenda upesi mno. Ya pili inawalaumu kwa sababu hawakutenda. Hazipingani hata kidogo. Zote mbili zinauliza swali moja: je, maisha ya yule aliye hatarini ndiyo yaliyoongoza uamuzi? Askari anayesubiri huku akizungumza, akikusanya habari, akiizunguka nyumba na kuweka wenzake tayari, anaongozwa na maisha hayo. Askari anayesema "hayo ni mambo ya mume na mke" na kurudi kituoni ameyatupa.

Msomaji asiseme kwamba hayo ni ya Marekani. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikwisha kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikia miaka 15. Hawakushikwa mateka wote, la. Lakini mlango unaofungwa usiku mmoja huwa umetanguliwa na usiku mwingi ambao watu walisikia kilio wakanyamaza. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kimesema hivyo tangu 1971, na bado wapo watumishi wa ofisi wanaocheka jambo hilo linapotajwa.

Kwa hiyo tunatoa rai zifuatazo. Kwa Jeshi la Polisi, tunasema kwamba mafunzo ya kuzungumza na mtu aliye katika ghadhabu yasiwe ya maofisa wachache wa makao makuu. Mlango unaofungwa usiku wa manane kijijini haungoji gari litoke mkoani. Askari wa kwanza kufika, hata akiwa konstebo wa kituo kidogo, ndiye mzungumzaji wa saa ya kwanza, na saa hiyo ndiyo yenye hatari kubwa. Ajue walau mambo machache: awaondoe watu, asimkaripie mtu, asimlete ndugu mlangoni, asikilize, na aite msaada.

Kwa watendaji wa kata na vijiji na wenyeviti wa mitaa, tunasema kwamba wajibu wenu wa kwanza ni kulitawanya kundi. Mtu aliyejifungia ndani husikia kila neno la dhihaka linalotoka nje, na kila neno humwongezea sababu ya kutotoka hai. Wenye simu na waambiwe wazirudishe mifukoni. Na mwanamke anapofika ofisini kwenu na kusema, "Ameniambia ataniua," msimwandikie barua ya kurudi wakasuluhishwe nyumbani, kisha mkafunga faili. Mfikisheni polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na yale aliyoyasema yaandikwe. Sheria yenyewe inatambua kwamba yako mazingira ambamo baraza la usuluhishi haliwezekani. Nasi tunasema kwamba panga lililonolewa ni mojawapo ya mazingira hayo.

Kwa walimu tunasema kwamba ninyi huona mapema kuliko polisi. Mtoto anayelala darasani kwa kuwa usiku alikuwa akimlinda mama yake, mtoto anayekataa kwenda nyumbani kengele inapolia, huyo amekwisha kutoa taarifa kwa lugha yake. Isomeni kama mnavyosoma madaftari. Na baada ya tukio, mtoto aliyetolewa katika nyumba ile atarudi kukaa dawati lile lile. Asiulizwe maswali mbele ya wenzake. Apewe kazi yake, apewe mtu mmoja wa kumsikiliza, wala asihukumiwe kwa kosa la mzazi.

Mwisho, tukumbuke kwamba mtu akitoka ndani mikono ikiwa juu, kazi haijakwisha. Huko ndiko kwetu tunakokosea mara nyingi, tunapodhani kwamba amani imerudi na kumshauri mke arejee ili "yaishe". Maneno mema yaliyosemwa mlangoni yalikuwa na shabaha ya kuokoa roho, hayakufuta kosa. Sheria ichukue mkondo wake, mgonjwa atibiwe ikiwa ni mgonjwa, na mwanamke aachwe aamue mwenyewe kuhusu maisha yake. Askari aliyesimama usiku kucha nje ya mlango ule hakusimama ili mlango huo huo ufungwe tena mwezi ujao.